Sala Niliyoikata

Mkoa wetu ulikuwa bado unanukia rangi mpya nilipopewa kazi ya kuandika kijitabu cha watu mashuhuri wa Babati. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kuja, na nilijiona msomi kuliko nilivyokuwa. Orodha yangu ilijaa wenye vyeo na wenye vyeti. Mzee mmoja wa Nakwa, pembeni ya mji, aliongezwa na mwenyekiti wa kamati ya kijitabu, nami nikanuna, kwa kuwa mzee huyo hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja.

Alikuwa mkulima aliyeijua sala ndefu ya baraka ya watu wa milima ya Mbulu. Mmoja hutamka, waliopo huitikia kila mstari. Huombewa mvua, mifugo, watoto, na mwisho kabisa balaa hufungiwa mlango. Wengine walijua vipande vipande. Yeye peke yake pale mjini aliijua yote, na shida yake ilikuwa moja tu: isife naye.

Siku ya maonyesho ya mkoa nilikuwa mshereheshaji. Nikampandisha jukwaani, nikawasha redio kaseti ili kumrekodi. Ratiba ilimpa dakika tano. Wazee waliotoka Bagara na Maisaka wakasimama, wakaitikia kwa sauti nzito, na mgeni rasmi akaanza kutazama saa. Mzee akanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Nikadhani amemaliza. Hapana, nisijisafishe: nilijua hajamaliza. Nikachukua kipaza sauti.

"Ahsante sana mzee wetu! Tumpigie makofi!"

Walioketi wakapiga. Waliosimama hawakupiga.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. "Shikamoo mzee. Unisamehe, muda ulitubana."

"Marahaba, mwalimu. Umeuacha mlango wazi. Njoo nyumbani na hicho kiredio, nikupe mwisho wake. Ila uje na watu wanne wa kuitikia. Mimi siombi na ukuta."

Nikaahidi. Ikaja mitihani ya kusahihisha, ikaja mvua, njia ya Nakwa ikawa tope. Kila tulipokutana sokoni aliniuliza, "Watu umepata?" nami nikajibu wiki ijayo. Watu wanne! Nilikuwa na darasa zima, tena nikiwafundisha kwa chaki kwamba ahadi ni deni. Naona aibu hadi leo.

Alikufa kabla ya mavuno. Tuliporudi nyumbani kwake kutoka makaburini, mjane wake aliniita mbele ya waombolezaji.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye sauti yake. Tufungulie."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikaenda kuleta redio na kanda yake, nikaiweka juu ya meza, nikabonyeza. Sauti ya mzee ilipotoka, ua mzima ukaanza kuitikia, wanaume kwa wanawake, mstari kwa mstari, hata vijana waliokuwa wamesimama kando ya zizi. Mjane alikuwa amefumba macho. Mimi nilijua kinachokuja. Mvua ikaombwa. Mifugo. Watoto. Kisha mzee akavuta pumzi, na watu nao wakatulia, wakingoja mstari unaofuata.

Nikanyoosha mkono nizime. Sikuwahi. Sauti yangu, changamfu kabisa, ikawaamuru wafiwa wapige makofi.