Ijumaa ya Mbuvi Imejaa

Tangu Mbuvi aajiriwe, Mzee Chande hakumtazama uso kwa uso hata siku moja. Alimtazama kwenye kioo. Kinyozi ana ruhusa ya kutazama kioo kutwa nzima, hakuna wa kumuuliza, na Chande aliitumia ruhusa hiyo mpaka shingo ikamuuma. Mkono wake uko kwenye kichwa cha mteja wake, jicho lake liko kwenye kichwa cha mteja wa Mbuvi. Ajabu ni kwamba hajawahi kumkata mtu sikio.

Duka lao liko Msambweni, kando ya barabara kuu, karibu na njia ya kwendea hospitali. Viti viwili, vioo viwili na benchi la kungojea. Mwenyewe ni Bi Mwanatumu, aliyeachiwa na marehemu mumewe, na yeye hushinda Ukunda kwenye biashara yake ya leso. Chande alikuwapo tangu enzi za marehemu. Alianza na wembe wa mkono, akiitwa wodini kunyoa wagonjwa waliolala muda mrefu, ndipo akaja kuizoea mashine ya umeme. Watoto wa mji ule aliwatoa nywele za kwanza siku ya akika, akawanyoa wakianza shule, na wengi aliwanyoa tena walipokwenda kuoa. Akipita njiani hutambua vichwa kabla ya nyuso: hiki kina kovu kisogoni, kile kimebonyea upande.

Kisha akaja Mbuvi. Watu wao walitoka Ukambani wakapata shamba huku, naye alikuwa na mke na watoto, mpole, msafi, hana maneno mengi. Angekuwa mlevi au mwizi, Chande angempenda sana. Tatizo ni kwamba hakuwa na baya la kumshikia, na vijana walimpenda kwa jinsi alivyojua kuzipunguza nywele za pembeni zikaisha taratibu kama rangi inayofifia.

"Huyo Mbuvi amekukosea nini?" mkewe Zainabu alimuuliza siku moja.

"Hajanikosea lolote. Ndilo kosa lake hilo."

"Mume wangu, una roho ya korosho."

Kesho yake Zainabu alijifunga leso iliyoandikwa Hasidi hana sababu. Akaapa kwamba ndiyo iliyokuwa juu sandukuni.

Hata hivyo, mwanzoni wivu ule ulikuwa kidonda kidogo tu. Aliyekitia chumvi ni Esha.

Esha alikuwa binti wa kijiji cha Bodo, amesoma chuo, na alifanya kazi akiwa kwao, kwa simu na kompyuta. Msaidizi wa mtandaoni, ndivyo Bi Mwanatumu alivyomtambulisha. Alisaidia saluni moja Ukunda na nyumba ya wageni Galu, na sasa akaongezewa vinyozi wa Msambweni. Mteja akitaka kunyolewa, humwandikia Esha. Esha humuuliza anamtaka nani na saa ngapi, kisha kila asubuhi hutuma sauti kwenye simu ya duka, nayo Mbuvi huiweka spika ili wote wasikie.

"Msaidizi gani asiyeonekana?" Chande alilalamika. "Hata akiumwa hatutajua."

"Mzee Chande, yeye anatusaidia kazi," alijibu Bi Mwanatumu. "Haji kuposwa."

Wengine walimpenda Esha tangu siku ya kwanza. Sauti yake ilikuwa tamu na adabu zake kamili. "Asalaam aleikum. Mzee Chande, shikamoo. Kaka Mbuvi, hujambo? Leo kaka Mbuvi ataanza na mwalimu, kisha daktari, kisha wale ndugu wawili wa dukani. Mzee wangu Chande, leo wako ni mmoja, ila nina hakika Mungu ataleta." Na hapo ndipo palipomuuma. Zamani mteja hakulazimika kusema anamtaka nani. Alichungulia mlangoni, Chande akamdaka mkono, "Karibu mwanangu, keti hapa," na aibu ikafanya kazi yake. Sasa mtu alimchagua Mbuvi akiwa kitandani kwake, na asubuhi uchaguzi huo ulisomwa kwa sauti ya asali mbele ya kila aliyeketi benchini.

Chande alivumilia. Alikuwa na jambo moja la kujiliwaza, nalo lilikuwa kubwa: Jumamosi mwanawe wa mwisho, Swabir, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja huko Galu, alikuwa anamwoa Hanifa. Bwana harusi hunyolewa siku ya kuamkia nikahi, shangazi zake wakimtia marashi na kupiga vigelegele. Nani wa kumnyoa mtoto wa Chande kama si Chande? Alishamtangazia kila mteja, na wengine aliwatangazia mara mbili. Wembe mpya ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa cheupe, haujaguswa. Wamchague Mbuvi hao wengine wote. Kichwa kile kilikuwa chake.

Basi Jumatatu, sauti ya Esha ikafika kama kawaida.

"Ijumaa baada ya swala, kaka Mbuvi ameombwa na Swabir, mwanawe Mzee Chande, bwana harusi wetu. Saa kamili atanithibitishia akijua zamu yake kazini. Mzee wangu, hongera sana."

Benchini mtu alikohoa. Mwingine akageukia barabarani, ghafla akavutiwa na mbuzi waliokuwa wakivuka. Chande alizima mashine, akaipuliza, akaiwasha tena. Masikio yalimwaka moto.

"Mzee, mimi hata sijaongea na yeye," Mbuvi alisema polepole. "Labda ni mistake."

"Kosa la nani? Wewe ndiwe fundi siku hizi. Mnyoe."

Angemuuliza mwanawe, mambo yangeishia hapo. Lakini mwenye wivu haulizi, hujijibu. Chande alijijibu mchana kutwa: mtoto amemwonea haya baba yake, mtoto anataka kichwa cha picha za simu, mtoto niliyemshika utosi ungali laini leo anampa utosi huo Mbuvi. Kufikia alasiri hakuwa na swali hata moja lililobaki.

Nyumbani palikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, ya zamani ya Zainabu, yenye laini ambayo watu walishaisahau. Chande aliichukua, akaenda nyuma ya tangi la maji, akamwandikia Esha: "Mimi Mwinga wa hoteli Galu. Tuko watano, tuna sherehe. Tunamtaka Mbuvi tu. Ijumaa kuanzia baada ya swala mpaka jioni. Nipo kazini sipokei simu, tuandikiane."

Jibu halikuchelewa. "Karibuni sana kaka Mwinga. Swabir hajanithibitishia saa, na nyinyi mmewahi. Ijumaa ya Mbuvi imejaa, ni yenu."

Chande alicheka peke yake nyuma ya tangi mpaka kuku wakakimbia. Akaitia simu ile mfukoni, na tangu hapo akatembea nayo kila aendako ili Zainabu asije akasoma.

Raha hiyo haikulala. Asubuhi Esha alitangaza kwa furaha: "Kaka Mbuvi, sifa zako zimefika mpaka Galu! Watu watano wa hoteli, wote wanakutaka wewe tu." Benchi zima lilimpongeza Mbuvi. Mteja mmoja aliyekuwa ameshaketi kwa Chande aliuliza kama anaweza kungoja kiti cha pili. Siku ya pili yake Bi Mwanatumu alikuja mwenyewe kutoka Ukunda, amebeba picha kubwa ya Mbuvi aliyoichapisha, akaibandika mlangoni.

"Watu wa mahoteli si mchezo," alisema akirudi nyuma kuitazama. "Mzee Chande, hebu nishikie kona hiyo isipinde."

Chande akaishika kona. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na huu ulikuwa umeingia hadi mfupani: alikuwa akimwonea Mbuvi wivu kwa wateja aliowabuni yeye mwenyewe. Alijua fika kwamba Mwinga hayupo, hoteli haipo, sherehe haipo. Hata hivyo kila sauti ya Esha ilipowataja watu wa Galu, roho ilimuuma kana kwamba amewaona kwa macho yake wakishuka garini wakimpita.

Lililommaliza kabisa ni la Alhamisi.

"Mzee wangu Chande," alisema Esha, "jana Swabir alipiga kuthibitisha saa. Nikamwambia Mbuvi amejaa, nikampa nafasi kwako. Akacheka sana, akasema hiyo haiwezekani."

Akacheka. Mbuvi aliizima spika haraka, lakini neno lilikuwa limeshatua, kila mtu amelisikia. Wateja wake aliwanyoa kimya, wakalipa kimya, wakaondoka wakipapasa visogo vyao kwa wasiwasi. Nyumbani kulikuwa kumejaa jamaa na masufuria, naye akapita katikati yao kama mgeni. Swabir alikuwa bado yuko kazini Galu, na afadhali hakuwapo.

Ijumaa Chande alirudi dukani kutoka msikitini bila haraka. Alimkuta Mbuvi amefagia, amepangusa kioo, ametandaza taulo safi, anawangoja watu wa Galu. Mbuvi alitazama barabara. Chande alimtazama Mbuvi kwenye kioo akitazama barabara, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo moyo wake ukatulia. Ngoja. Ngoja tu.

Ndipo vigelegele vikasikika nje. Aliingia Swabir, nyuma yake shangazi zake wawili na chupa ya marashi, mmoja amebeba leso mpya mkononi. Swabir akambusu baba yake mkono, akaketi. Hakuketi kwa Mbuvi. Aliketi kwenye kiti cha kwanza, cha baba yake, akafungua vifungo vya shati.

"Haya baba. Niko tayari."

Chande alisimama na mikono yake mitupu.

"Si ulimtaka Mbuvi?"

"Mbuvi nilimtaka kwa ajili yako." Swabir aligeuka. "Umesahau harusi ya dada? Ulinyoa wanaume wote wa nyumba ile, wewe ukaja ukumbini kidevu umejikatakata, kila picha una vipande vya karatasi vya kuzuia damu kidevuni. Nikasema mara hii na baba atengenezwe na fundi. Kinyozi hajinyoi."

"Esha alikupa nafasi kwangu. Ukacheka."

"Nisicheke vipi? Ujinyoe mwenyewe?"

"Na wewe?" Chande aliuliza. "Mbona kichwa chako hukukiwekea miadi kwangu?"

Swabir alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajabisha hodi chumbani kwake.

"Baba, nani huweka miadi kwa babake?"

Shangazi walicheka, wakamwaga marashi, leso ikatandazwa mabegani mwa bwana harusi. Chande akafungua kitambaa cheupe, akautoa wembe. Alimnyoa mwanawe. Kichwa kilikuwa kilekile, alikijua kila pembe, ila ilimbidi asimame mara mbili kujipangusa macho, na wote wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha, ndiyo, lakini ilikuja na aibu nzito hivi kwamba hakuweza kuinua uso kutazama kioo.

Alipomaliza, Mbuvi alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake kitupu.

"Mzee, njoo ukae," alisema. "Hawa watu wa Galu naona wamenihepa. Nafasi ya mwanao iko."

"Si lazima, Mbuvi."

"Mtoto ameomba. Kaa, mzee wangu."

Shangazi nao wakamsukuma. Chande akaketi. Mbuvi akamfunika kwa shuka la kunyolea, akalikaza shingoni, akampaka povu, akamwinua kidevu kwa vidole viwili. Kabla hajaanza, alibonyeza simu ya duka, akaiweka spika mbele ya kioo.

"Esha, hao wasee wa Galu wako wapi? Nimewangoja mchana mzima."

"Aa, pole sana, kaka Mbuvi. Subiri hapohapo, niwapigie kwa simu yangu nyingine. Usikate."

Wembe uliteremka shavuni. Na chini ya shuka, mfukoni mwa Mzee Chande, simu ndogo ya vibonyezo ikalia. Ililia kwa ule mlio wake wa zamani, mkali, usiojua kunong'ona. Shangazi waligeuka. Swabir alikunja uso, kwa kuwa mlio wa simu ya mama yake aliufahamu tangu utotoni. Chande hakuthubutu kutikisa hata kidole. Wembe ulikuwa umesimama chini ya taya lake.

Mlio ukakatika.

"Inaita, kaka Mbuvi, lakini kaka Mwinga hapokei," Esha alisema kwenye spika. "Nijaribu tena?"

Mbuvi alitazama kioo. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, macho yao yalikutana hapo, na hakuna aliyeyaondoa.

"Usijaribu, Esha," alisema. "Ameshafika. Niko naye kitini."

Akakata simu, akaendelea kunyoa. Alimzungusha kichwa taratibu, akapita kooni, juu ya mdomo, chini ya sikio, na Chande, amefumba macho kwa fedheha, hakusikia mkwaruzo hata mmoja. Mkono wa Mbuvi ulikuwa mwepesi kuliko wake. Hata katika saa ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi.