Mtoto Aliyesema kwa Sauti ya Marehemu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomsikia marehemu akizungumza mchana kweupe. Nilikuwa binti tu, nimeolewa Ogwedhi nikitokea Homa Bay, na kijiji kilikuwa kimenichagua nipite boma kwa boma kuuliza habari za watoto: nani hajachanjwa, nani hatembei, nani anaanguka kifafa. Nilifuatana na Mama Perez, mkunga mzee aliyezalisha karibu kila mama wa pale.

Boma la Okello watu walilikwepa. Mama yake alikuwa amefariki, lakini wapita njia waliapa kwamba bado wanamsikia akiongea ndani ya nyumba yake iliyofungwa. Mimi niliwacheka. Kumbe lisemwalo lipo.

Tulifika jua likiwa utosini, hakuna hata jani lililotikisika. Nikaita, "Hodi!" Kutoka nyumba ile yenye kufuli kwa nje, sauti ikarudisha, "Hodi!" Ilikuwa sauti yangu mimi mwenyewe, mwanangu. Nywele zikanisimama. Kisha ikageuka, ikawa nzito, ya bibi kizee: "Kunywa uji, mjukuu wangu. Kunywa."

Okello na mkewe Akinyi wakatoka jikoni. "Mama, watoto wetu wako shule," Okello akasema upesi. "Hapa hakuna mwingine."

Nilimshika Mama Perez nguo. "Twende zetu," nikanong'ona.

Hakunitazama. Alikuwa ametega sikio. "Binti, hicho kimekohoa. Umewahi kusikia pepo akikohoa? Baba, fungua."

"Siwezi, mama. Tangu tumzike mama yangu, binti yetu aliyemo humo anaongea kwa sauti yake. Nikifungua, nitakuwa nimemwita marehemu nyumbani."

Hapo sauti ikaja tena, dhaifu, ikikatwakatwa na kikohozi: "Okello, usimfiche huyu mtoto nikienda."

Ufunguo aliokuwa nao mkononi ukamponyoka. Siku mama yake alipokata roho, chumbani hapakuwa na mtu mwingine ila mtoto yule. Okello akaketi vumbini kama aliyepigwa. Mama Perez akauokota ufunguo, akafungua mwenyewe.

Ndani, juu ya mkeka, alilala msichana mwenye miguu iliyokakamaa, paji la uso linawaka moto, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Maneno yake mwenyewe hakuwa nayo. Alirudisha aliyoyasikia, kwa sauti ileile ya aliyeyasema. Na maishani mwake aliyekuwa akiongea naye ni bibi yake peke yake.

Akinyi alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akilia njia nzima. Ilikuwa nimonia. Muuguzi alituambia wazi kwamba tungengoja hadi kesho, tungemzika. Njiani kurudi nilimuuliza Mama Perez kama maneno yale kwa Okello yalikuwa kumbukumbu ya mtoto, au ni kitu kingine. Aliharakisha tu mwendo, wala hakugeuka nyuma.

Mtoto alipopata nafuu, tulimpeleka kliniki mjini Migori. Wakatufundisha kumnyoosha miguu, na kumlisha akiwa ameketi ili chakula kisimwingie mapafuni. Kidole kimoja hakivunji chawa: kina mama tulipokezana, na Okello akamchongea kiti kwa mikono yake. Kutembea hakutembea. Lakini asubuhi moja alipopewa uji alisema, "Sitaki," kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, nyembamba, yake mwenyewe. Akinyi alicheka mpaka akaishiwa nguvu.

Basi sikia, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto asiyetembea, asiyesikia, asiyesema kama wenzake, si laana wala mzimu, ni mtoto. Mtoe nje apigwe na jua. Mhudumu wa afya akija, mtajie wote uliojaliwa, usiruke hata mmoja. Na mtoto huyo uongee naye, hata asipokujibu.

Mola akupe watoto kama apendavyo Yeye, akupe na majirani wa kukusaidia kuwabeba. Uzeeke ukiwaita wote kwa majina yao mbele za watu. Amina.