Safari ya Vitshumbi Tuliyoipanga Bila Kuuliza

Siku moja ya kiangazi naikumbuka vizuri, mujukuu wangu, na imenirudia leo niliposikia munapanga kwenda Vitshumbi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Babu yako na mimi tulikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Yeye alikuwa seremala hapa Goma, mimi nilikuwa nikishona nguo. Alipopewa konje, mapumziko ya siku tatu kazini, tukataka kuona lile ziwa la Vitshumbi lililo ndani ya mbuga ya wanyama, ambako wavuvi na viboko wanaishi kama majirani. Safari niliipanga mimi: mikate, maharage, blanketi, na karatasi ya ruhusa ya kusafiri tuliyoisubiri wiki mbili. Nikajiona nimemaliza yote. Wazee wetu husema, asiye na akili husifu yake. Njia nilikuwa nimeiuliza kwa dereva mumoja tu, naye alisema: «Nitawashusha kwenye barabara kubwa. Toka pale ziwa ni karibu.»

Siku ya safari lori yake ikasimama njiani, Kalengera, kutia maji kwenye radiateri. Kando ya barabara mama mumoja mujane, Mama Nyirabugeni, alikuwa akiuza viazi vya kuchemsha. Nikanunua viwili, nikamwambia kwa majivuno tunakokwenda. Akanitazama usoni, kisha tumboni. Hata babu yako nilikuwa sijamwambia bado.

«Toka barabara mpaka kwenye ziwa mutaenda na nini?» akaniuliza.

«Na miguu, mama. Dereva amesema ni karibu.»

«Huyo dereva aliisha kutembea pale na miguu?»

Nikaanza kumenya kiazi changu.

«Bwana yangu alikuwa mulinzi wa ile mbuga miaka tisa,» akasema polepole. «Njia zote alizijua. Nyati ilimuua katika yale majani, bunduki ikiwa mukononi. Wewe unapeleka hilo tumbo mule, na mikate?»

Nilikasirika, mwanangu. Nikamjibu kwamba huzuni yake isituharibie safari. Ujana una maneno mabaya. Yeye hakubishana nami. Akamwita babu yako, aliyekuwa akisaidia kutia maji kwenye lori, akamwambia: «Kesho asubuhi lori ya samaki itapita hapa kurudi Vitshumbi. Dereva wake ni mutoto wa dada yangu. Mungoje kwangu.»

Babu yako akashusha mizigo. Mimi nikashuka nimenuna, nikala chakula chake bila kusema aksanti.

Kesho yake lori ya samaki ikatupakia. Tulipoiacha barabara kubwa tukaenda, tukaenda, na ziwa halionekani. Mara dereva akasimama. Simba watatu walikuwa wamelala katikati ya njia, wakitutazama bila haraka. Ndiyo njia tuliyotaka kupita na miguu. Babu yako akanishika mukono, na hapo ndipo nikamwambia kwamba nina mimba. Hakuniachia mpaka simba walipoondoka.

Ziwa tuliliona. Viboko walikuwa wakipiga miayo karibu na nyumba, ndege mwari weupe wakigombania matumbo ya samaki, nasi tukala samaki wa kukaanga mpaka tukashindwa kuinuka. Wakati wa kurudi nikashuka Kalengera, nikapiga magoti mbele ya yule mama.

«Nilikukosea, mama. Aksanti.»

Akaniinua. «Mutoto akizaliwa, umulete nimuone.»

Tulimupeleka. Mutoto yule ndiye papa yako, na mpaka leo nikisali namtaja yule mama kabla ya ndugu zangu.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini angalia unayemuuliza. Tafuta mutu aliyekanyaga ile njia kwa nyayo zake. Na mukubwa akikuzuia, hata kama ni muuza viazi usiyemjua, msikilize mpaka amalize. Hasira yako itapoa, lakini simba hawatakungoja upoe. Ukiisha kuokoka, rudi umushukuru angali hai.

Nendeni. Mungu awatangulie kila kona, awaweke karibu na watu wanaosema ukweli, na awarudishe hapa kwetu Ndosho wazima, nguo zenu zikinuka samaki.