Daktari Aliyengoja Amina

Katika chumba cha kungojea cha hospitali moja ya Houston, Mkenya mmoja alikuwa ameweka simu gotini, sauti imefunguliwa yote. Mkewe alikuwa akipasuliwa kutolewa uvimbe kichwani, na akina mama wa kanisa lao la Missouri City, kitongoji cha Houston, walikuwa wakimwombea kwa simu, mmoja wao akiongoza. Mara daktari wa upasuaji akatokea. Yule bwana akainuka.

"Akina mama, ngojeni kidogo. Daktari amekuja."

"Aketi basi," akajibu mama aliyeongoza maombi. "Bado sijafika Amina."

Daktari, Mmarekani asiyejua neno la Kiswahili, aliitazama simu, akavua kofia yake ya kijani, akainamisha kichwa. Mama akaendelea bila haraka, akawaombea hata wauguzi. Ilipofika Amina, daktari naye akaitikia. Kisha akasema uvimbe wote umetoka, na mgonjwa ameamka anauliza kama watoto wamekula. Simu ikalipuka vigelegele.

Kuna atakayesema mama aliomba jambo lililokwisha kutendeka. Sibishani naye. Mimi namkumbuka daktari: alikuwa na jibu tayari mdomoni, akaacha ombi limalizike kwanza.