Chembe Ambayo Sikuonyeshwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Usafirishaji alinisimamisha mbele ya gari la watalii pale Karatu. "Wewe wa darasa la nne, sikiliza. Mgeni anakuja kuona. Kama hajaona, usimwambie ameona." Ndiyo maana kwenye redio za magari faru tulimwita "pembe", mgeni asije akashangilia mnyama ambaye bado yuko nyuma ya kilima. Sheria hiyo nimeishika toka naendesha gari la bosi mpaka nikamiliki yangu. Na hakuna aliyenibeba.

Profesa mmoja niliyekuwa nampeleka kreta kuona wanyama akanialika kwao Ulaya, kwenye maabara kubwa ya fizikia. Huko wanagonganisha chembe ndogo kuliko vumbi, chini ya ardhi, wajue dunia imeumbwa na nini. Nikatangaza Karatu nzima. Mzee Salimu mwenye duka akanionya mbele ya madereva: "Usituletee hadithi, bwana mkubwa. Tuletee ulichoona."

Tukavishwa kofia ngumu, tukateremshwa handakini. Mabomba, nyaya, mtambo mkubwa kuliko hoteli za ukingoni mwa kreta. Binti aliyetuongoza aliongea bila kupumua. Nikamkatiza.

"Dada, chembe yenyewe iko wapi?"

Akanionyesha mistari kwenye skrini. "Hapa ndipo ilipopita."

"Sijauliza ilipopita. Nimeuliza iko wapi."

Profesa akacheka. "Rafiki yangu, hakuna aliyewahi kuiona."

Hakuna aliyewahi kuiona! Na watu wamepangwa foleni! Dereva wangu angefanya hivyo, jioni angerudisha funguo.

Niliporudi Karatu, Mzee Salimu alikuwa ananisubiri dukani. "Enhe, umeiona?"

Ningedanganya, nani angebisha? "Sijaiona."

Madereva wakapiga meza. "Kumbe ulipanda ndege kwenda kuangalia tivii!" Mpaka leo wananiita Bwana Chembe, mimi niliyewafundisha nusu yao kazi.

Mwaka uliofuata Profesa akaja kutaka faru. Nikashika usukani mwenyewe, safari yangu ya mwisho kabla mgongo haujanistaafisha. Ndani ya kreta nikazima injini, nikamwonyesha unyayo kwenye tope pembeni mwa barabara.

"Faru wako huyo."

"Yuko wapi?"

"Hapa ndipo alipopita."

Akaiva uso. "Lakini sijamwona!"

"Hujamwona. Na mimi sitakuambia umemwona."

Nikamwacha na hasira yake kidogo, aionje. Halafu nikawasha gari, nikamtafutia faru mpaka akamwona kwa macho yake mawili. Vijana mlioshika usukani leo, fanyeni hivyo hivyo. Sisi si maabara.