Netiweki ya Shangazi Iko Kwenye Ufagio

Nina kesi na wewe, msomaji. Wiki iliyopita nililalamika hapa kuhusu netiweki, ukanishukia. "Siku hizi kukosa intaneti ni uvivu." "Nunua bando uache kulia." Mmoja akaandika kwamba hata kuku wake wana intaneti. Sawa, hongera kwa kuku. Ila wewe unayesema hivyo umekaa kwenye kochi, chaja iko ukutani, na ukuta umesimama palepale uliposimama jana. Mimi nakuletea habari za mtu ambaye kuta zake zina magurudumu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni fundi wa cherehani zilizoharibika. Sizungumzii cherehani ya nyumbani iliyofunikwa kitambaa cha maua. Nazungumzia zile za kiwandani, zinazomaliza mguu wa suruali kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Wateja wake wametawanyika miji saba, na kwa kuwa miji haimfuati mtu, yeye na bwana wake wanaifuata. Wanaishi ndani ya gari jeupe ambalo zamani lilikuwa la kusambaza mikate. Ndani kuna kitanda, chini ya kitanda kuna droo za sindano, mishipi ya kuzungusha mashine na bobini za uzi, pembeni jiko la gesi, na meza ya kukunja ambayo ukiikunja kwa haraka inakung'ata kidole. Mpaka leo mvua ikinyesha gari zima linanukia mkate. Ukiwatembelea na njaa, shauri yako.

Mafundi wenzake wanamwita Sikio, maana hagusi mashine kabla hajaisikiliza. Anakwambia "washa", anafumba macho, kisha anasema, "Bobini imekaa upande." Unafungua, unakuta imekaa upande. Bwana wake ni dereva mstaafu wa mabasi ya masafa, sote tunamwita Kepteni. Siku hizi ana kazi mbili: kuendesha nyumba na kulala ndani yake. Mpaka sasa hajazifanya zote kwa wakati mmoja.

Balaa lilianzia kwenye kiwanda cha sare za shule, mteja mkubwa wa Shangazi kuliko wote. Miaka kumi na moja ametengeneza mashine zao, kisha akaja meneja mpya.

"Mama, cheti chako kiko wapi?"

"Cheti cha nini? Mashine si zinashona?"

"Zinashona. Lakini bila cheti cha ufundi sisaini mkataba mpya. Una mpaka mwisho wa mwezi."

Kiwanda hicho kikiondoka, Shangazi hana sababu ya kuzunguka tena, na gari la mikate linabaki kuwa kibanda tu kilichoegeshwa.

Cheti kinatolewa na chama cha mafundi, na mtihani wake ni wa kwenye kompyuta. Dakika tisini. Uwe peke yako kwenye chumba kilichofungwa, kamera iwake mwanzo mpaka mwisho, msimamizi anakutazama kutoka huko aliko. Netiweki ikikatika mara tatu, umeanguka. Kila mtu ana nafasi mbili kwa mwaka.

Nafasi ya kwanza Shangazi aliifanyia kwenye nyumba ya wageni, kwa sababu bango la mlangoni lilisema intaneti ipo. Ilikuwepo. Dakika ya ishirini mwenye nyumba akachomoa kisanduku cha intaneti ili achomeke pasi. Akapiga kola ya shati, akarudisha. Akakumbuka mikono, akachomoa tena. Akarudisha. Halafu akaona na suruali nayo ina mikunjo.

"Ningejua ni pasi," Shangazi aliniambia kwenye simu, "ningewapigia nguo ukoo wao mzima, mpaka za marehemu."

Akaapa nafasi ya pili hategemei soketi ya mtu. Mtihani atafanyia nyumbani kwake, yaani garini. Akaniita, maana mimi ndiye mtu wa kompyuta wa ukoo. Sikusomea popote, nimejifunza kwa kuharibu. Nilifika siku moja kabla ya mtihani nikiwa na modemu, laini za kampuni tatu, na mdomo.

Nikafungua kompyuta kwenye ile meza ya kung'ata. Netiweki sifuri. Nikabadilisha laini, nikahamisha modemu dirishani, nikazima kompyuta nikaiwasha, nikafuta programu nikaiweka upya. Shangazi amekunja mikono, ananiangalia tu.

"Umebadilisha nini?"

"Kila kitu, Shangazi."

"Sasa ikipona, utajuaje kilichoiponya?"

Nikashika laini nyingine.

"Na isipopona utajuaje ulichokiharibu? Hebu kaa pale, mwanangu. Unatengeneza kama mtu anayefukuza nyoka."

Yeye ana kanuni moja ya kazi, na wanafunzi wake wote wameipata kwa kufokewa: mashine ikikata uzi, badilisha kitu kimoja, shona kidogo, tazama. Ukibadilisha viwili kwa mpigo hujatengeneza, umebahatisha. Basi akachukua chaki ya kukatia nguo, akaanza kuandika kwenye mlango kwa ndani. Laini ileile, modemu ileile, kompyuta ileile, kinachobadilika ni mahali tu. Kitandani, sifuri. Mezani, sifuri. Mlangoni, kijiti kimoja. Nje hatua tatu, vijiti vinne. Akarudi ndani: sifuri. Akatoka: vinne. Alifanya hivyo mara sita, ametulia kama anahesabu mishono. Kisha akafumba macho.

"Mgonjwa si netiweki," akasema. "Mgonjwa ni nyumba."

Hapo Kepteni, ambaye tulidhani amelala, akaongea kutoka kitandani bila kufumbua macho.

"Hilo mbona mimi nalijua. Tangu mbandike hizi karatasi za kung'aa, humu ndani simu yangu haiiti."

Shangazi akamgeukia, chaki mkononi.

"Unalijua tangu lini, baba?"

"Si tangu mzibandike. Miezi miwili."

"Miezi miwili! Na hukusema?"

"Mama, kaka yako alikuwa ananipigia kila siku saa nane mchana kunihadithia mpira ambao na mimi nimeutazama. Sasa hivi nalala."

"Kepteni, huyo ni baba yangu," nikasema.

"Namjua. Msalimie."

Hizo karatasi ni foili, kama ile ya kufunikia chakula ila nene zaidi. Kipindi cha joto gari lilikuwa linawaka kama tanuri, tukaibandika kwenye kuta zote, dari, mpaka nyuma ya mapazia. Joto likapungua kweli. Sitataja aliyeleta wazo. Haya, ni mimi, niliona kwenye video. Tuliifunga nyumba nzima kama kuku wa kuoka, halafu tukabaki tunashangaa netiweki haiingii.

Shangazi akashika ncha ya foili akavuta. Ikatoka na kipande cha ubao wa ukuta. Gundi nayo niliichagua mimi, na ilikuwa gundi nzuri sana, nilaumuni kwa mengine yote. Kubandua gari zima kulihitaji wiki, na mtihani ulikuwa kesho yake saa nne asubuhi.

"Basi nyumba tuiache," akasema. "Tunabadilisha kitu kimoja. Modemu itoke nje."

Tukanunua waya wa mita tano, ncha moja kwenye kompyuta, waya ukapita kwenye upenyo wa dirisha, ncha ya pili kwenye modemu. Modemu tukaivalisha mfuko wa plastiki, tukaifunga kwenye mpini wa ufagio. Asubuhi Kepteni akaegesha nyuma ya yadi ya mbao, kwenye mwinuko, mnara wa simu unaonekana kabisa. Kwa kuwa pale pana mteremko, akaweka mawe nyuma ya matairi. Vijiti vinne. Tatizo likawa upepo: ufagio ukiyumba, vinashuka viwili. Kwa hiyo mtu alipaswa kukaa juu ya keria ya paani na kuushika wima. Unajua ni nani.

Kutoka juu niliwasikia kupitia upenyo wa dirisha. Msimamizi alikuwa kijana mwenye sauti ya mtu aliyevaa tai.

"Mtahiniwa, nionyeshe kuta zote nne. Na dari. Mbona zinang'aa hivyo?"

"Joto, mwanangu."

"Na huo waya unakwenda wapi?"

"Kwa mtoto wa kaka yangu."

"Mtu mwingine haruhusiwi chumbani, mama."

"Hayumo chumbani. Yuko juu ya nyumba, ameshika ufagio."

Kijana akakohoa kidogo. "Unaweza kuanza."

Saa nzima ilikwenda vizuri. Taa ya modemu ilikuwa ya kijani, mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Ndipo likaja lori la kontena, refu kama siku ya msiba, likasimama ubavuni mwetu, katikati yetu na mnara. Taa ikawa nyekundu. Ikarudi kijani. Kukatika mara moja. Kepteni, aliyekuwa kwenye kiti nje, akainuka.

"Kaka, habari. Naomba usogee kidogo, kuna mtu anafanya mtihani."

"Wapi?" akauliza dereva, mdomo umejaa mkate.

"Ndani ya nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii hapa."

"Hili si gari la mikate hili?" Akainua macho. "Na yule juu na ufagio?"

"Yule ndiye netiweki."

Dereva akanitazama, na mimi nikamtazama. Ungefanya nini? Nikampungia mkono.

"Mzee wangu," akasema, "niko kwenye usukani tangu alfajiri, na ninyi mna mambo yenu. Nasubiri mbao. Niache nile." Akapandisha kioo.

Nyekundu. Kijani. Mara mbili! Nikamwonyesha Kepteni vidole viwili. Ikikatika mara moja tu zaidi, kiwanda kimekwenda, miaka kumi na moja imekwenda, mwakani ndiyo ajaribu tena, na mwakani hakuna wa kumsubiri.

Kepteni akasukuma kiti pembeni. Alizunguka nyuma, akaondoa mawe, akaingia kwenye kibanda cha dereva, ambacho kimetengwa na nyumba kwa ukuta wake. Injini hakuiwasha, mngurumo ungesikika kwenye mtihani. Akaachia breki ya mkono tu. Nyumba ikaanza kutembea kinyumenyume, polepole, na mimi juu nimekumbatia ufagio. Ndani nikasikia vijiko vinahama upande mmoja wa droo kwenda upande mwingine.

"Mtahiniwa! Mbona picha inatikisika?"

"Nyumba inasogea kidogo, mwanangu."

"Nyumba inasogea?"

"Imekaribia kusimama. Usijali."

Kepteni akakanyaga breki taratibu, kama amepakia mayai. Tukasimama hatua kumi kupita mkia wa lori, mnara ukachomoza. Kijani. Nadhani msimamizi alikuwa anapekua kanuni kuona kama chumba kinaruhusiwa kutembea. Kanuni zinasema kiwe kimefungwa. Kilikuwa kimefungwa.

Matokeo yalitoka palepale: themanini na tatu kwa mia. Nikashuka nikikimbia kumpongeza, nikamkuta ameshika kiuno.

"Kumi na saba zimekwenda wapi?"

"Shangazi, umefaulu!"

"Swali la mshipi nilikuwa nalisoma wakati mnanihamisha. Lile nalijua hata nikiwa usingizini."

Meneja wa kiwanda alikitazama cheti sekunde mbili, akakitia kwenye faili, akasaini mkataba. Kisha akamwambia kuna mashine tatu zinakata uzi tangu wiki iliyopita, na waliokuwa na vyeti wameshindwa. Shangazi akasema, "Washa," akafumba macho.

Foili bado ipo ukutani, Kepteni ameapa hatoki mtu na kipande. Ufagio sasa umefungwa kwenye keria kwa vyuma, hauhitaji tena mtu wa kuushika. Kwa hiyo, msomaji wangu wa bando na kuku, nakuomba jambo moja tu. Ukikuta gari jeupe limeegeshwa, lina ufagio juu yake, na ufagio umevaa mfuko wa plastiki, usiegeshe mbele yake. Hujui nani yuko ndani anafanya nini. Sogea hatua kumi, ndipo ule mkate wako.