Niliinamisha macho kwenye usaili Singida, nikaonekana mwizi

Wakuu, kwa nini mtu anayejua vyema maana ya unachokifanya anyamaze unapohukumiwa kwa kitendo hicho hicho? Nimefika umri wa makamo, jibu sina.

Salamu kwenu nyote. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sitatia chumvi.

Ilikuwa enzi za ubinafsishaji. Serikali ilikuwa imesimamisha ajira, na mimi na digrii yangu tulikuwa tumekaa tu Mwankoko, hapo hapo Singida, kwa mama. Baba alikwishafariki, miguu ya mama ilikuwa imechoka, na mtoto ni mimi peke yangu.

Kiwanda kipya cha kukamua alizeti kikatangaza nafasi ya mtunza ghala. Nikiipata, nabaki na mama. Nikiikosa, naondoka.

Waliofanya interview walikuwa wawili: meneja kijana kutoka Dar, na mzee mmoja wa Mandewa, Mnyaturu mwenzangu, mshauri wao wa mambo ya wakulima.

Meneja aliuliza kwa Kiingereza. Nilimtazama usoni, mgongo wima, mikono imetulia mapajani, kama tulivyoelekezana chuoni. Akatabasamu.

Kisha mzee akauliza: "Mwanangu, tukikuachia funguo, mali tutaikuta?"

(Wa kwetu mtanielewa. Mkubwa akikuuliza jambo zito, humkazii macho. Utotoni mama alinikemea: "Unamtolea mkubwa macho, unataka kumla?")

Nikainamisha kichwa. "Mtaikuta, baba."

Meneja akacheka. "Mzee, umemwona? Mimi ananitazama vizuri. Umegusa funguo tu, anaapia sakafu!"

Nikamtazama mzee kwa pembeni. Neno lake moja lingetosha.

Alikohoa, akavuta kikombe chake cha chai.

Nyumbani mama akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamenikatalia. Wamesema siwatazami usoni."

"Kwani usoni wana nini?"

Sikucheka.

Nilichojifunza: body language haina tafsiri moja. Ukiingia kwenye usaili, watazame wote kwa kipimo kimoja. Kama malezi yako yanakuinamisha, tamka mwenyewe kwamba ni heshima. Usingoje mtu wa kwenu akutafsirie. Nanyi mnaoketi upande wa pili wa meza, tuambieni: mngekuwa yule mzee, mngesema?

Mimi jioni ile niliamua. Asubuhi nilifunga nyumba ya mama kwa kufuli, nikampandisha basi. Alishuka Ikungi kwa dada yake, kuku wawili mkononi, nami nikaendelea na safari ya Dodoma, kutafuta kazi.